Kegi Mpya, Ladha Nyingine: Tafuta Chanzo Kabla ya Kumwaga Bia

Kegi ya kwanza, lile pipa la chuma lenye bia, imekwisha, umeunganisha ya pili, na bia inayotoka si ile uliyokuwa ukiinywa hadi jana. Imekuwa chungu kupita kiasi, au ina harufu ya siagi, au imekuwa chapwa, haina uhai. Anayepika bia nyumbani hapa Mombasa huwa na majibu mawili ya haraka: maji, au joto. Joto tutalirudia, maana lina mkono mrefu katika jambo hili. Maji tuyaondoe sasa hivi. Uwe umepika kwa maji ya bomba yanayoletwa kutoka Mzima na Baricho, au kwa maji ya kisima cha kisiwani yenye chumvi na chokaa ya matumbawe, kasoro ya maji ingeonekana kwenye kegi zote mbili za mpiko mmoja. Ikiwa ya kwanza ilikuwa nzuri na ya pili ina kasoro, chanzo kiko baada ya bia kutoka kwenye ndoo ya kuchachushia. Kiko kwenye kegi yenyewe, gesi ya kaboni inayoipa bia viputo, mpira wa kupitishia bia, koki, au siku ambazo kegi hiyo ilikaa ikisubiri zamu yake.

Huniuma kuona lita 19 zikimwagwa mferejini kwa kasoro ambayo ingeondoka yenyewe baada ya siku mbili. Huniuma vilevile kuona mtu akiisubiri kwa wiki tatu bia iliyokwisha kuharibika, ambayo haitapona. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kutofautisha hizo mbili.

Anza na wakati, si na harufu

Harufu huchanganya. Watu wawili kwenye meza moja hawatakubaliana kama bia ni kali au ni chachu. Saa na siku hazina ubishi. Kwa hiyo, kabla ya kugusa regyuleta (kifaa kinachodhibiti presha ya gesi), kabla ya kutikisa kegi, onja mara nne na uandike: glasi ya kwanza kabisa, glasi ya nne, glasi ya kwanza ya kesho yake baada ya bia kulala ndani ya mpira, kisha glasi ya baada ya wiki. Bandika karatasi kwenye mlango wa friji, uandike tarehe uliyoifungua kegi, presha na nyuzijoto. Ni kazi ndogo, na ndiyo inayotatua nusu ya matatizo haya.

Kasoro iliyo kwenye glasi za kwanza tu, kisha ikatoweka, inatoka chini ya kegi. Inayorudi kila asubuhi kwenye glasi ya kwanza, kisha glasi ya pili ikawa safi, inatoka kwenye mpira au koki. Iliyo sawasawa usiku kucha na kesho yake ni ya gesi, ya ubaridi, au ilikuwa tayari ndani ya bia siku ulipoijaza kegi. Inayokua siku hadi siku ni oksijeni au vijidudu, na hiyo ndiyo ya kuogopa.

Kipimo cha pili ni cha vifaa. Tafuta koki ya mkono, ile ya plastiki yenye mpira mfupi, uioshe vizuri, uiunganishe moja kwa moja kwenye kegi inayoshukiwa. Ikiwa bia inayotoka hapo ni nzuri, achana na kegi, kaa na mpira wako mrefu na koki yako ya ukutani. Ikiwa ni mbaya vilevile, mpira hauna kosa. Povu litakuwa jingi kwa sababu mpira ni mfupi; usilijali, unatafuta ladha tu.

Kasoro iko kwenye glasi za kwanza tu

Bia ni nzito kwa macho, ina ukungu, inauma nyuma ya ulimi, ina ukakasi na ladha ya mkate mbichi. Baada ya nusu lita au lita moja inaanza kung'aa na ladha inatulia.

Hayo ni mashapo. Mrija wa ndani ya kegi unateka bia kutoka chini kabisa, na chini ndiko hamira, mabaki ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) na utando wa protini vinakotua. Kegi ya pili ya mpiko mmoja huwa na mashapo mengi kuliko ya kwanza, kwa sababu ilijazwa mwisho, wakati ndoo ya kuchachushia inakaribia kuisha na bomba lake linavuta matope ya chini. Ndiyo maana watu husema kegi ya pili "imepikwa vibaya", hali mpiko ni uleule.

Mwaga robo lita ya kwanza bila huruma. Kisha usiisogeze kegi. Hili la kusogeza ndilo linalorudisha tatizo: mtu anaunganisha kegi, anaonja, haridhiki, anaitoa friji aangalie kilichomo, anairudisha, na mashapo yaliyokuwa yametulia yanapanda tena. Kama ni lazima kuibeba, tuseme unatoka nayo Kisauni unakwenda kwenye sherehe Likoni, ujue kwamba mtikisiko wa barabarani na wa feri utaivuruga. Ifikishe siku moja kabla, ilale kwenye barafu usiku kucha, ndipo uifungue.

Kwa kudumu, iache bia ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 4 kwa siku mbili au tatu kabla ya kuihamishia kwenye kegi, ili matope yabaki kwenye ndoo. Wengine hukata sentimita moja au mbili za mrija wa ndani. Mimi napendelea mrija unaoelea, unaoteka juu ambako bia ni safi zaidi. Unabaki na bia kidogo chini, lakini kila glasi inafanana na iliyotangulia.

Inawasha ulimi, au ni tamu na imelala

Hapa ndipo penye makosa mengi kuliko pote, na ni mahali ambapo bia haina tatizo lolote.

Fikiria ilivyokwenda kegi ya kwanza. Uliiunganisha kwenye gesi, ukaiacha kwenye friji wiki mbili, ndipo ukaionja. Kegi ya pili umeiunganisha jana kwa sababu ya kwanza imekauka na wageni wako njiani. Bia hiyo haijapata gesi yake. Bia isiyo na gesi ya kutosha huonekana tamu kuliko ilivyo, nzito mdomoni, na harufu ya hopsi haipandi puani kwa sababu hakuna viputo vya kuipandisha. Mnywaji atakuambia umeongeza sukari. Atakuambia kimea, ile nafaka iliyooteshwa ya kupikia bia, kimezidi. Hakuna kilichozidi, kilichopungua ni gesi na muda.

Kwa bia ya kawaida, kwenye nyuzi 4, presha ya psi 11 hadi 12 (psi ni kipimo cha presha) inatosha, na inachukua kati ya wiki moja na mbili kufika. Ukiwa na haraka, weka psi 30 kwa saa 24 hadi 36 kegi ikiwa baridi, kisha funga gesi, toa presha iliyozidi kwa valvu ya juu, urudishe 12. Dawa ya kweli ni kuipa kegi ya pili gesi tangu siku unapoijaza, ikiwa pembeni ya ya kwanza, kwa kigawanyo cha gesi chenye njia mbili. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na lawama.

Upande wa pili ni wale wenye haraka zaidi. Wanaweka presha kubwa, wanaibingirisha kegi sakafuni, wanaitikisa. Gesi inaingia kwa dakika chache, na inaingia kupita kiasi. Gesi ya kaboni ikiyeyuka ndani ya bia hutoa asidi kidogo, na asidi hiyo ikizidi inachoma ulimi, inakuza uchungu wa hopsi, inaifanya bia ionekane kali na chachu kwa mbali. Koroga glasi kwa kijiko mpaka gesi ipungue, kisha onja tena. Kama uchungu umeshuka na uchachu umeondoka, si vijidudu, ni gesi. Funga mtungi, chomoa mpira wa gesi, toa presha kwa valvu, acha saa kadhaa, toa tena. Rudia kwa siku nzima, kegi ikiwa kwenye baridi muda wote. Itapona.

Usijaribu kufungua kifuniko kabla presha haijatoka yote. Na mtungi wa gesi usiuweke kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, maana gesi hii haina harufu na ikivuja inachukua nafasi ya hewa unayovuta.

Bia ikianza vizuri kisha ikapoteza gesi siku hadi siku, tafuta mvujo. Paka povu la sabuni kwenye viungo vyote, kwenye kifuniko, kwenye valvu, na utazame viputo. Kegi kuukuu nyingi hazifungi kifuniko barabara mpaka zipewe presha ya psi 20 hadi 30 kwa muda mfupi mwanzoni, raba ikae mahali pake.

Stima, friji, na joto la kaskazi

Presha na ubaridi ni kitu kimoja. Kiasi kilekile cha gesi kinachokaa kwa psi 12 kwenye nyuzi 4 kinahitaji karibu psi 30 kwenye nyuzi 25. Kwa hiyo stima ikipotea mchana wa Februari na friji ikapanda, hujagusa kitu lakini bia imebadilika: gesi inataka kutoka, unapata povu tupu, na kile kinachobaki chini ya povu kimepoteza gesi na harufu pamoja. Stima inaporudi, usiishushe presha. Ngoja bia irudi kwenye baridi yake. Kegi ya lita 19 inayotoka kwenye joto la chumba huchukua hadi siku nzima kufika nyuzi 4 hata kwenye friji nzuri, na kipimo cha friji hakikuambii hilo kwa sababu kinasoma hewa. Weka chupa ya maji pembeni ya kegi, kipimajoto kiwe ndani ya maji hayo. Huo ndio ubaridi wa bia yako.

Wakati wa kukatika stima, gunia lililolowa na barafu ya kutosha kuizunguka kegi vinaweza kukuokoa jioni nzima. Barafu ya wauza samaki inafaa, maana haigusi bia.

Kama glasi ya kwanza tu ndiyo yenye povu na zinazofuata ni sawa, koki ndiyo yenye joto, si kegi. Huku kwetu koki iliyo nje ya friji hushika joto la chumba mara moja. Ama mpira uwe mrefu, mita 2 na nusu hadi 3 kwa wenye kipenyo cha ndani cha milimita 4.8, ama koki iwe ndani ya friji.

Na kinyume chake: kegi mpya ikiwa karibu na sahani ya kugandishia, ikafika nyuzi 1, utaiona haina ladha. Shika glasi mikononi dakika kumi uonje tena kabla hujalaumu kimea.

Kila asubuhi glasi ya kwanza ni mbaya

Ndani ya mpira wa mita 3 wa kipenyo nilichotaja kuna mililita 54 hivi za bia. Bia hiyo imelala usiku kucha ikigusana na plastiki, na plastiki ya kawaida hupitisha oksijeni kidogo kidogo. Mpira mpya huongeza ladha yake wenyewe. Mwaga hiyo ya kwanza, basi. Mpira mpya uloweke kwanza kwenye maji ya moto, uyabadilishe mara mbili tatu, na ukipata ule usiopitisha hewa, nunua. Utaulipia mara moja.

Lakini ikiwa umemwaga na ladha bado ipo, mpira ni mchafu. Mabadiliko ya kegi ndiyo huufichua uchafu huo: bia nyeusi yenye nguvu ilikuwa ikiificha ladha ya mpira, ukaunganisha bia nyepesi ya shayiri na ngano, na sasa hakuna pa kujificha. Watengenezaji wa Marekani, kupitia chama chao cha Brewers Association, hushauri kusafisha njia za bia kila siku 14 kwa dawa ya alkali, na kila miezi mitatu kwa dawa ya asidi ili kuondoa magamba ya madini. Kwa joto letu na maji yetu yenye chokaa nisingeongeza hata siku moja juu ya hizo. Na uifungue koki yenyewe, kipande kwa kipande. Ndani ya koki, pale bia inapokauka kati ya glasi na glasi, kuna utando unaoteleza kidoleni, wa rangi ya kahawia, na harufu yake ndiyo ileile uliyokuwa ukiitafuta ndani ya kegi.

Ladha ya chuma ina kipimo chake. Paka matone ya bia mgongoni mwa mkono, usugue kwa kidole, unuse. Ngozi ikitoa harufu ya sarafu za zamani, bia ina chuma ndani yake. Angalia koki ya shaba iliyochubuka rangi na viungo vya mpira, kwani hewa ya chumvi ya bahari hula kila chuma kisicho cha aina isiyoshika kutu. Badilisha kipande hicho, hakisafishiki.

Harufu ya siagi

Siagi, au bisi za sinema zilizotiwa mafuta, na utelezi fulani kwenye ulimi. Hiyo ni diasetili. Hamira huacha malighafi yake ndani ya bia wakati wa kuchacha, malighafi hiyo hugeuka kuwa diasetili polepole, kisha hamira yenyewe huila na kuimaliza ikiwa bado iko hai na ina muda. Ukiipoza bia mapema, hamira inalala kabla ya kumaliza kazi. Bia inaingia kegini ikiwa haina harufu yoyote, unaionja siku ya kujaza, unafurahi. Wiki tatu baadaye unafungua kegi ya pili na ni siagi tupu.

Kwa nini ya pili? Kwa sababu ilikaa zaidi, pengine nje ya friji, na kwa sababu hewa iliyoingia wakati wa kujaza huharakisha mgeuko huo.

Kuna kipimo kizuri cha kufanya kabla ya kujaza kegi, na ningependa kila mpika bia akizoee. Chukua glasi mbili za bia iliyokwisha kuchacha, uzifunike. Moja iweke kwenye maji ya nyuzi 60 hadi 70 kwa nusu saa, nyingine iache. Poza ile ya moto mpaka zilingane, uzinuse zote mbili. Ikiwa iliyopashwa ina siagi na nyingine haina, malighafi bado ipo. Iache ndoo siku mbili au tatu zaidi bila kuipoza. Zikiwa safi zote mbili, poza kwa amani.

Kama umeshachelewa na kegi ina siagi, itoe kwenye friji, iache kwenye joto la chumba siku kadhaa ili hamira iliyobaki iamke. Ikiwa bia ni safi sana na hamira imekwisha, tia kidogo ya hamira inayochacha kwa nguvu kutoka mpiko mwingine, na utoe presha kila siku. Mara nyingi inafaulu. Ila siagi ikija pamoja na uchachu na ikaongezeka kila siku, hiyo ni kazi ya bakteria, na hamira haitaiponya.

Harufu ya tufaha bichi ni ndugu yake wa karibu: bia ni changa bado. Mpe muda.

Ladha ya boksi lililolowa

Hii ndiyo kasoro ya Mombasa, na ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu hairudi nyuma. Mwanzo bia inafifia tu. Harufu ya hopsi, ile ya machungwa na maua, inapotea. Rangi inakolea, hasa kwenye bia ya dhahabu. Ukiweka glasi ya kegi ya kwanza pembeni ya glasi ya kegi ya pili kwenye mwanga wa dirishani utaiona ya pili imeelekea kahawia. Halafu inakuja ladha ya karatasi, ya asali iliyozeeka, na mwishowe ya boksi lililolowa. Bia imepigwa na oksijeni.

Oksijeni iliingia siku ya kujaza. Ulimimina kegi ikiwa imejaa hewa, au bia ilirusharusha ikianguka kutoka juu, au ulifunga kifuniko ukasahau kuifukuza hewa iliyobaki juu ya bia. Kegi zote mbili ziliingiwa na hewa, lakini ya kwanza ilinywewa kabla madhara hayajaonekana na ilikuwa kwenye baridi. Ya pili ilisubiri chini ya meza jikoni kwenye nyuzi 30. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka huzidisha kasi ya uharibifu huu mara mbili au hata tatu. Kwa hesabu hiyo, mwezi mmoja chini ya meza ni sawa na miezi mingi ndani ya friji.

Kwa hiyo, kama huna nafasi ya kegi mbili kwenye friji, ningekushauri upike nusu, au ualike watu mapema. Nasema hivyo kwa dhati. Hakuna hila inayoshinda baridi.

Kuhusu kujaza: jaza kegi mpaka juu kwa maji yenye dawa ya kuulia vijidudu, ifunge, kisha uyasukume maji yote nje kwa gesi. Kegi inabaki imejaa gesi tupu, hewa haina pa kukaa. Hamishia bia kwa mpira kupitia mrija wa kutolea, ipande kutoka chini, bila kufungua kifuniko, valvu ikiwa wazi kidogo juu. Anayesema kwamba kupuliza gesi mara moja juu ya bia kunatosha hajahesabu: kila ukipuliza na kutoa, sehemu tu ya hewa inatoka, na inabidi kurudia mara nyingi, kumi na zaidi kwa psi 30, ndipo ibaki kidogo sana.

Kama kegi imeshafikia ladha ya boksi, inywe haraka ikiwa baridi sana au itumie kupikia nyama. Kuitia hopsi mpya kunaifunika siku chache tu.

Harufu ya hospitali

Plasta, dawa ya kidonda, plastiki iliyoungua. Ikiwa iko kwenye kegi moja peke yake, kegi hiyo ilioshwa kwa dawa ya klorini ya kufulia, au ilisuuzwa mwisho kwa maji ya bomba yenye klorini. Klorini hukutana na fenoli, kemikali zilizomo ndani ya bia, na kutoa kitu ambacho pua ya binadamu hukitambua kikiwa kidogo mno. Hakuna dawa. Mwaga.

Dawa hiyo ya kufulia hula pia chuma cha kegi na kukiachia vitobo vidogo ambamo uchafu hujificha. Na kamwe usiichanganye na dawa ya asidi, ile inayotumika bila kusuuza: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini yenye sumu. Chagua moja, na mimi nakuomba uchague ya asidi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Uchachu unaokua

Umeshakoroga glasi, gesi imetoka, na uchachu upo palepale. Kesho umeongezeka. Kegi inapandisha presha hata mtungi ukiwa umefungwa. Povu linatoka jingi bila sababu, na bia imekuwa nyepesi, kavu, kama kuna kitu kinaendelea kuila sukari ya mwisho. Kipo: bakteria, au hamira ya mwituni.

Inywe au imwage, hakuna ugonjwa utakaoupata kwa uchachu wa namna hii kwenye bia iliyochacha kikamilifu, lakini utando wenye manyoya au ukungu wa rangi juu ya bia ni wa kumwagwa bila mjadala. Kazi halisi ni kwenye kegi. Kwa zile za lita 19 zilizokuwa za soda kuna raba tano: moja kubwa ya kifuniko, mbili za nje kwenye vichwa vya kuunganishia, mbili ndogo chini yake kwenye mirija. Fungua vichwa vyote, toa valvu ndogo za ndani, toa mirija yote miwili, piga brashi ndefu ndani ya ule mrefu. Wengi huosha pipa likang'aa na kuacha vichwa vimefungwa. Kitu cha kwanza utakachokiona ukifungua kichwa ambacho hakijafunguliwa mwaka mzima ni pete nyeusi ya utelezi chini ya raba ndogo, na bia yote ya kegi ilipita hapo.

Badilisha raba zote tano kwa pamoja. Ni hivyohivyo kwa kegi iliyowahi kubeba soda ya tangawizi au ukwaju: raba hushika harufu na kuiachia kwa miezi, na hakuna sabuni inayoitoa.

Mengine ya haraka

Yai viza kwenye bia ya baridi iliyochacha kwa hamira ya laga: toa presha, jaza gesi, toa tena, mara kadhaa kwa siku mbili. Harufu inaondoka na gesi.

Mchuzi wa soya au nyama: kegi ilikaa miezi kwenye joto juu ya hamira iliyokufa. Haiponi.

Kabichi iliyochemshwa: hiyo ni ya sufuria na kuchemsha, itafute pia kwenye kegi ya kwanza.

Harufu ya kicheche kwenye glasi iliyokuwa nzuri ilipotoka kwenye koki: jua. Mwanga wa jua huvunja uchungu wa hopsi kwa dakika chache tu, hata kwenye glasi iliyo mkononi pale ufukweni. Kaa kivulini.

Povu linalokufa mara moja na bia inayoonekana imepoteza gesi kwa mgeni mmoja lakini si kwa mwingine: tazama glasi na midomo. Mafuta ya bhajia na viazi karai huua povu, na sabuni isiyosuuzika vizuri pia. Suuza glasi kwa maji safi ya baridi muda mfupi kabla ya kumimina, na uiache ijikaushe ikiwa imeinamishwa. Kitambaa cha jikoni kilichopangusa samaki usiiguse glasi nacho kabisa.